Kinga ya zamani itengenezwe, isigeuzwe

Ndugu zangu vijana wa makazi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: leo sitaandika juu ya karo wala juu ya mgao. Nataka tuongee juu ya baiskeli. Zile nyeusi, nzito, za breki za fimbo, ambazo huku Uganda na kule kwetu Kongo zilibeba kila kitu kabla pikipiki hazijajaa barabarani. Sisi tunaziita kinga. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali aanze kujiandaa: kinga ya zamani itengenezwe, isigeuzwe. Tukiigeuza tunapoteza pesa, tunahatarisha watu, na tunamnyang'anya mwenyewe kitu ambacho si sisi tuliompa.

Kwa asiyezijua, hizi ni baiskeli za chuma zenye magurudumu ya inchi 28 kwa 1½. Kiti chake ni cha ngozi chenye springi, na breki hazina waya. Ukibana mkono, fimbo za chuma zinavuta pedi kwenda juu mpaka zishike rimu kwa upande wa ndani. Za zamani kabisa unazoweza kukutana nazo hapa Nakivale ni Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza. Halafu kuna Hero za Ludhiana, India, na Phoenix za Shanghai, China, zenye umbo lile lile. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli za namna hii ndizo zilizoanzisha boda boda miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijachukua hilo jina. Kisangani baiskeli za abiria zinaitwa toleka, yaani "tupite" kwa Kilingala. Wakati wa vita, barabara zilipokufa na mafuta yakakosekana, wafanyabiashara wa kule walisukuma baiskeli zenye magunia kwa mamia ya kilomita. Kwa hiyo mtu asituambie kinga ni kitu cha wazungu. Imeshakuwa yetu.

Sasa, huku kwetu kinga ya zamani inakufa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza mnaijua. Mwenye chuma chakavu anapita na mizani yake, anatoa pesa kidogo kwa kilo, baiskeli inakatwa. Mtu ana njaa, mtoto ana homa, huwezi kumlaumu. Njia ya pili haionekani kama kifo kwa sababu inaitwa matengenezo. Hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Kipindi fulani kulikuja mradi wa stadi za kazi. Sitautaja jina, na waliouleta walikuwa na nia nzuri. Vijana walikusanya baiskeli za zamani za watu, wakafundishwa wiki chache, baiskeli zikarudi zikiwa zote za rangi moja ya bluu, zinang'aa. Picha zikapigwa. Mimi ni mtu wa kujitolea katika kituo cha vijana, na zile baiskeli zilianza kurudi kwetu moja moja, zinasukumwa. Breki za fimbo zilikuwa zimetolewa na kuwekwa za waya. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamebadilishwa. Fremu zilizokuwa na ufa zilikuwa zimechomelewa kwa umeme. Wenyewe walikuwa wanauliza swali moja: mbona ilikuwa inatembea kabla hamjaitengeneza?

Nilikaa na mafundi wazee, wale wa chini ya mti wenye sanduku la mbao na makopo ya nati, nikawaomba wanieleze. Nitayasema walivyonieleza, kwa sababu watu wengi wanafikiri kuhifadhi kitu cha asili ni mapenzi ya kumbukumbu tu. Ni hesabu ya chuma.

Anza na breki. Rimu ya kinga imetengenezwa kushikwa kwa ndani, upande unaotazama habu. Ubavuni mwake ni mviringo. Breki ya waya inabana ubavuni, na pale hakuna mahali pa kushika vizuri. Mtu akishuka mteremko na jerikeni mbili nyuma, pedi zinateleza. Fundi mwenye haraka anaona breki ya waya ni ya kisasa, kumbe amempa mama wa watu baiskeli isiyosimama. Breki ya fimbo ikitunzwa, yaani pedi mpya, fimbo zilizonyooshwa na tone la mafuta kwenye maungio, inafanya kazi yake. Kwenye mvua ni dhaifu, hilo ni kweli, na anayeiendesha anajua apunguze mwendo mapema.

Njoo kwenye gurudumu la nyuma. Hesabu spoku za kinga: kwa desturi mbele ni 32 na nyuma ni 40. Walioitengeneza walijua uzito unakaa wapi. Ukitoa gurudumu la spoku 40 ukaweka la 36 kutoka kwenye baiskeli ya msaada, umepunguza nguvu palepale ambapo gunia la mahindi linakaa. Tena umebadilisha saizi ya tairi. Tairi ya 28 kwa 1½ inapatikana kwenye maduka ya vipuri ya miji midogo kwa sababu baiskeli za India na China bado zinaitumia. Tairi ya baiskeli ya Ulaya yenye saizi ya ajabu utaitafuta mpaka uchoke.

Halafu nyuzi. Hapa ndipo wengi wanaharibu bila kujua. Baiskeli nyingi za Uingereza zina nyuzi 24 kwa inchi pale krenki inapozunguka. Raleigh yenyewe ilitumia 26. Ukichukua kikombe cha baiskeli nyingine ukakilazimisha kwa spana ndefu, kitaingia kweli, kwa sababu kinakata nyuzi za zamani. Siku kikilegea, fremu nzima imekwisha. Ndiyo maana mzee mmoja aliniambia kwamba kikombe cha Raleigh hakitupwi hata kama kimechakaa, mpaka umeshika mkononi kingine cha namna ile ile.

La mwisho ni fremu. Mabomba ya kinga hayakuchomelewa kama mlango wa geti. Yameingizwa ndani ya viungo vya chuma, halafu shaba iliyoyeyuka ikajaza nafasi katikati. Ukipeleka moto wa umeme juu ya shaba ile, inachafua mchomeleo, na kiungo kinakuwa kigumu kwa nje lakini kinavunjika kama biskuti. Ufa wa hapo unaungwa kwa gesi na shaba, na mtu anayejua. Asipopatikana, afadhali baiskeli ingoje.

Mnaona sasa? Kila mahali walipogeuza, waliharibu. Asili ya ile baiskeli ndiyo iliyokuwa uzima wake.

Wengine wetu tumeona kwenye simu video za watu wa Ulaya na Japani wanaofufua baiskeli za zamani za mashindano ya uwanjani. Zile hazina breki wala gia, na pedeli zake hazipumziki: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Japani wana mbio za keirin tangu 1948, na mpaka leo mbio za kawaida za mchezo huo zinakimbiwa kwa fremu za chuma. Vijana wanatazama mtu anatumia wiki nzima kusafisha rangi iliyochakaa badala ya kupaka mpya, wanacheka, "wazungu wana muda." Mimi nilicheka kidogo kisha nikaendelea kutazama, kwa sababu kuna adabu ndani yake. Yule fundi hatoboi foku ili aweke breki. Akitoboa, ile haitakuwa tena baiskeli ya uwanjani, na haitakuwa nzuri kwa barabara pia. Anauliza kwanza: hiki kitu kiliumbwa kwa kazi gani? Kisha anakirudisha kwenye kazi ile.

Swali hilo linatufaa sisi kuliko wao. Yeye akikosea anapoteza pambo la ukutani. Mama wa hapa akipewa baiskeli isiyosimama anapoteza meno, au zaidi.

Lakini nisije nikafanya kama mambo yote ni chuma. Kuna mzee katika eneo letu aliyeivusha kinga yake mpaka hapa ikiwa imebeba sufuria, godoro na mjukuu. Kwenye bomba la juu alikuwa amechora kwa msumari tarehe za kuzaliwa za watoto wake, kwa sababu kijijini kwao cheti kilikuwa mbali na msumari ulikuwa karibu. Ilipokuwa kwenye mradi, fremu ilisuguliwa na msasa mpaka chuma cheupe, ikapakwa bluu. Alipoitiwa kuichukua aliizunguka mara mbili, akauliza, "Hii ni kinga ya nani?" Wakamwambia, "Papa, ni ya kwako, sasa ni mpya." Aliwashukuru. Mzee wa kwetu hawezi kukosa kushukuru. Aliichukua akaisukuma nyumbani, na hakupanda.

Hakuna aliyemwibia, na kwenye ripoti yeye ni mtu mmoja aliyesaidiwa. Lakini sisi ambao tumejaza fomu mara ngapi tukiulizwa tarehe na karatasi ambazo hatuna, tunaelewa kilichofutwa pale. Kingeweza kubaki bila gharama yoyote. Ilikuwa ni kumuuliza tu.

Najua majibu mtakayonipa, na nimeyasikia mengi uso kwa uso.

Wa kwanza anasema: kaka, mama anayechota maji hana haja na historia ya Nottingham, anataka baiskeli itembee. Nakubali kabisa. Ndiyo maana nimeanza na breki na spoku, sikuanza na historia. Anachotaka mama yule ni kusimama mteremkoni na kupata tairi sokoni, na vyote viwili anavipata kwenye baiskeli iliyobaki kama ilivyoumbwa.

Wa pili anasema: kila kitu lazima kibadilike, hata kinga ilibadilishwa na wazee wetu. Ni kweli. Waliweka keria nzito za nondo, wakaongeza pa kukanyagia abiria, wakafunga mito juu ya keria. Lakini angalia walivyofanya: walifunga kwa bolti na kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Hawakutoboa fremu wala kukata foku. Ukitaka leo kuvitoa, unavitoa, na baiskeli inabaki ile ile. Ongeza kinachoweza kutolewa. Usitoe kisichoweza kurudishwa.

Wa tatu ni mfanyakazi wa shirika, na namheshimu kwa sababu ananiambia ukweli: tunapewa miezi michache, mfadhili anataka idadi, na rangi mpya inaonekana kwenye picha. Hapo ndipo penye shida hasa. Kuhesabu baiskeli siku ya kukabidhi ni sawa na kuhesabu wagonjwa siku wanapotoka hospitali, bila kujua nani alifika nyumbani. Mkitaka idadi, njooni baada ya miezi sita mhesabu ngapi zinatembea. Mtapata idadi ndogo zaidi, lakini itakuwa ya kweli, na nadhani mfadhili mwenye akili ataipenda.

Na wa nne ni kijana mwenzangu anayesema sisi hatutaki kinga za mababu, tunataka baiskeli za mbio. Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa barani Afrika, kila mtu anataka usukani wa kupinda. Sawa, ndoto ni nzuri, na mimi ninayo. Lakini aliyejifunza kunyoosha gurudumu la spoku 40 hatashindwa na la mbio. Aliyejifunza kupaka spreyi tu atashindwa na yote mawili.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye kinga ya zamani nyumbani, kabla hujaiita mfu, jaribu hivi. Haihitaji mradi.

Ioshe kwanza kwa sabuni na kitambaa laini. Usianze na msasa. Mara nyingi chini ya vumbi na grisi kuna rangi ya kiwandani, na mistari ya dhahabu ambayo mwenyewe alishaisahau. Ikitokea, ikaushe, ipake mafuta kidogo, iache. Rangi ile iliyochakaa bado inazuia kutu kuliko spreyi ya bei rahisi iliyopakwa juu ya uchafu.

Vyuma vinavyong'aa, kama usukani na rimu, visugue kwa karatasi ya fedha iliyoloweshwa maji. Kutu inatoka na chuma hakikwaruziki sana. Ndimu pia inatoa kutu, ila usiilaze usiku kucha, italamba na chuma chenyewe. Suuza, kausha juani, paka mafuta.

Nati zilizokwama zimwagie mafuta ya taa, uziache mpaka kesho. Kumbuka pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, na kikombe cha krenki cha upande wa mnyororo pia kinafunguka kinyume. Vingi vimevunjwa na vijana wenye nguvu wasiojua hilo. Pini ya krenki usiigonge ikiwa wazi: legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, weka bomba zito chini ya krenki liishikilie, kisha gonga mara moja kwa uhakika.

Fungua goroli, zioshe, zihesabu. Kwenye krenki ni 11 za robo inchi kila upande. Kwenye habu ya nyuma ni 9 za robo inchi kila upande, na mbele ni 10 ndogo zaidi. Zikiwa na madoadoa badilisha zote, kwa sababu goroli moja mbovu inakula nyingine na kikombe chake. Ni bei ndogo kuliko kipuri kingine chochote, na hapo ndipo baiskeli inarudisha sauti yake.

Kama habu yako ya nyuma ni ya gia ya Sturmey-Archer, ifute grisi uangalie maandishi yake. Nyingi zimegongwa mwaka zilipotengenezwa. Nimeona kijana aliyekuwa anataka kuuza baiskeli ya babu yake kwa kilo, aliposoma mwaka ule alinyamaza, akaomba brashi.

Na kinachochakaa kikatishia uhai, kibadilishe bila machozi. Foku yenye ufa, rimu iliyoliwa ikawa nyembamba, mnyororo uliovutika: toa, weka kingine cha saizi ile ile. Cha zamani kifunge kwenye kitambaa umrudishie mwenyewe, aamue yeye.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina maombi matatu tu, na ninayaomba kwa heshima.

Moja, msipake rangi baiskeli ya mtu kabla hamjamuuliza. Nembo ya mradi ikilazimu, iwe kibandiko kinachoweza kutoka.

Mbili, wekeni fedha kwenye vipuri vya saizi yetu: tairi na tyubu za 28 kwa 1½, pedi za breki za fimbo, goroli, pini za krenki, spoku. Kontena la baiskeli kutoka mbali likija tutashukuru, lakini goroli na pedi zinaamsha baiskeli zilizolala hapa hapa.

Tatu, walipeni mafundi wazee wafundishe. Tunaletewa mkufunzi kutoka mjini mwenye cheti, na chini ya mti amekaa mzee aliyejua kabla sisi hatujazaliwa kwamba Raleigh ina nyuzi zake peke yake. Hana cheti, na hakuna aliyempa kalamu wala kiti. Wazee hawa wanapungua. Tukiwasubiri wapate cheti tutawazika na ujuzi wao, kisha tutaomba mradi wa kuutafuta.

Na sisi vijana tusijifanye hatuhusiki. Tumezoea kusikia kwamba kila kilicho chetu ni kibovu, kinangoja kipya kutoka kwa mtu mwingine, mpaka tumeanza kusema hivyo wenyewe. Kinga iliyovuka mpaka na magunia, ikakaa miaka mingi kwenye vumbi la Isingiro, na ikiwekwa goroli mpya inatembea, hiyo si takataka.

Jumamosi mafundi wawili wazee wamekubali kukaa kituoni kuanzia saa tatu asubuhi. Leta kinga yako kama ilivyo, na kutu yake. Kama ni ya mzazi au ya jirani, muulize kwanza ni alama gani hataki iguswe, uiandike. Wenye spana waje na spana. Spreyi muiache nyumbani.